UZI: "Inaangalika", au jinsi wahakiki wa magazeti wanavyozihukumu muvi za katikati za Hollywood

#1 MzeeWaMikanda (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuanzia 1996 hadi 2003 nilikuwa nasimama nyuma ya kaunta ya duka la kukodisha mikanda ya video, Morogoro. Mteja akiingia Ijumaa jioni haulizi muongozaji ni nani wala imetoka mwaka gani. Anachukua kava, anasoma majina ya mbele, analigeuza, kisha ananiuliza: "Hii vipi?" Nilikuwa na majibu matatu. "Hatari", yaani chukua usiulize tena. "Achana nayo." Na la tatu, ambalo nadhani nimelitamka mara nyingi kuliko hayo mawili ukiyajumlisha: "Inaangalika."

Muvi nyingi za Hollywood zinaishi humo. Steringi unamfahamu, adui unamjua kabla hajatajwa jina, risasi zipo, mapenzi yapo kidogo, na baada ya siku mbili huikumbuki. Hujaibiwa hela yako, ila huna cha kusimulia kijiweni.

Intaneti kafe zilipofunguliwa mjini nikaanza kusoma wahakiki wa magazeti ya Marekani, hasa Roger Ebert wa Chicago Sun-Times. Nilikuwa nalipia nusu saa, nachapisha kurasa mbili tatu, nazisoma dukani taratibu na kamusi pembeni. Mpaka leo nawasoma wahakiki kila wiki, na naona watu humu wanawaelewa vibaya, ndiyo maana naleta uzi huu.

Ninachoamini ni hiki: mhakiki anajulikana kwa muvi ya katikati. Kuisifu kazi kubwa hakuna ugumu, maneno yanakuja yenyewe. Kuichana muvi mbovu ndiyo rahisi zaidi, na wasomaji wanapenda. Kazi iko kwenye muvi isiyo na kosa la kukamata wala sifa ya kushika, halafu mhariri anasubiri maneno mia nane na gazeti linafungwa usiku. Hapo ndipo utajua kama mtu anaangalia au anajaza nafasi.

Tuanze na nyota, maana wengi wanaishia hapo. Gazeti la kwanza kuzitumia kwa filamu, kwa historia inayojulikana, ni New York Daily News, tarehe 31 Julai 1928, mhakiki akiwa Irene Thirer. Mwisho ilikuwa nyota tatu: tatu bora sana, mbili nzuri, moja ya wastani. Mbaya ilikuwa haipati kitu. Yaani "inaangalika" ilipata nyota moja, na kulikuwa na shimo chini yake. Baadaye magazeti mengi ya Marekani yakaenda kwenye nyota nne, ya Uingereza kama Guardian yakashika tano, na New York Times mpaka leo hawatoi nyota kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia "imepata nyota tatu" hujaambiwa kitu mpaka ujue ni tatu za nani. Guardian tatu ni katikati kabisa. Kwa Ebert tatu ilikuwa ni "nenda kaione".

Na hapa kwa Ebert pana jambo la kuangalia kwa makini. Hesabu ya nne inagawanyika kwenye mbili, lakini kwake mpaka haukuwa mbili. Yeye na Gene Siskel wa Chicago Tribune walikuwa na kipindi cha televisheni ambacho hukumu ilikuwa ni dole gumba, juu au chini, hakuna la kati. Nyota tatu kwa Ebert ilikuwa dole juu. Mbili na nusu, kwa kawaida, dole chini. Nusu nyota moja tu ndiyo ilitenganisha "nenda" na "kaa nyumbani", na muvi zote za aina ya "inaangalika" zilirundikana pale pale kwenye mpaka.

Mfano ambao wote mnaujua: Die Hard ya 1988. Ebert aliipa nyota mbili. Watu huutumia kumcheka, mimi nautumia kumtetea. Ukisoma alichoandika utakuta ameusifu ufundi wa muvi, amemsifu Alan Rickman, halafu anasema mambo yanaharibiwa na yule naibu mkuu wa polisi kule chini, mhusika mjinga kupita kiasi anayewekwa ili kumzuia steringi tu. Sasa mimi mwenye duka nikisoma hivyo najua nini? Najua ufundi upo, adui ni mkali, na kero ni polisi mmoja mjinga. Wateja wangu wa Ijumaa hawana shida na polisi mjinga. Mkanda ule haukuwahi kulala dukani. Nyota zilisema hapana, na maneno ya mtu yule yule yakanipa kila nilichohitaji ili nisimfuate.

Huyo kwangu ndiye mhakiki. Anakupa vya kutosha hata ukiamua kinyume chake.

Karibuni, nitaendelea.

#2 Kijana_wa_Sinza

Shikamoo mzee. Nimesoma yote, ila mimi wahakiki siwaelewi. Bohemian Rhapsody waliipondaponda, ikaingiza zaidi ya dola milioni 900 na ikachukua Oscar nne. The Greatest Showman vivyo hivyo. Hawa watu wanaishi dunia gani? Watazamaji ndio wenye hela yao, wao ndio waamue.

#3 MzeeWaMikanda

Marahaba kijana wangu. Mifano yako ni mizuri na nitaijibu yote miwili.

Kwanza, hawakuiponda. Nenda Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, uangalie: Bohemian Rhapsody ina 49, The Greatest Showman ina 48, kwa mia. Kwa vipimo vyao kuanzia 40 mpaka 60 ni rangi ya njano, maana yake maoni mchanganyiko. Hizo ni "inaangalika" kwa namba. Wewe umesikia wameponda kwa sababu siku hizi mtu akiona namba chini ya 60 anadhani ni mbovu, kama mtihani wa shule.

Pili, angalia nani anaulizwa. Marekani kuna watu wanaitwa CinemaScore, usiku wa kwanza wanasimama nje ya ukumbi wanawapa watazamaji kadi ya kujaza alama. Muvi zote mbili ulizozitaja zilipata A. Lakini yule aliyejaza kadi alikuwa amekwisha kuchagua. Anaipenda Queen, bendi ya kwenye Bohemian Rhapsody, tangu utotoni, kaona trela, kanunua tiketi, kaja usiku wa kwanza. Ndiyo maana kule A ni nyingi, na B ya kawaida watengenezaji hawaifurahii.

Mhakiki wa gazeti hakuchagua. Katumwa. Jumatatu katuni, Jumanne vita, Jumatano mapenzi ya Krismasi. Ebert aliandika mwenyewe, Aprili 2013, siku mbili kabla hajafariki, kwamba mwaka uliotangulia alihakiki filamu 306. Mtu wa namna hiyo akiona bendi inagombana, inaachana, kisha inarudiana kwa ajili ya onyesho kubwa la mwisho, ameshaiona njia hiyo mara nyingi mno na anajua kila kona. Wewe unayeona muvi ishirini kwa mwaka, njia hiyo kwako ni mpya. Hakuna anayemdanganya mwenzake. Mmoja anakwambia utamu wa chakula, mwingine anakwambia amekila chakula hiki tangu Januari.

Udhaifu wao upo, sikatai. Uchovu unaweza kumfanya mhakiki asahau kwamba mama aliyetoka kazini Ijumaa anataka nyimbo nzuri na machozi kidogo, na hilo ni hitaji halali. The Greatest Showman wikendi ya kwanza Marekani iliingiza dola milioni 8.8 tu, halafu ikatembea kwa midomo ya watu mpaka ikavuka milioni 400 duniani. Mhakiki aliyeandika kwamba hadithi ni nyepesi alisema kweli. Aliyesahau kutaja kwamba nyimbo zitakaa kichwani mwezi mzima hakuimaliza kazi yake.

#4 Mwalimu_Hesabu

Mzee, hapo kwenye namba naomba uingie ndani. Rotten Tomatoes, tovuti nyingine ya kukusanya wahakiki, wana asilimia, Metacritic wana wastani, na watu humu wanavichanganya kila siku.

#5 MzeeWaMikanda

Mwalimu, asante kwa kuuliza, maana muvi ya katikati ndiyo inayoumizwa zaidi na mchanganyiko huo.

Rotten Tomatoes, iliyoanza 1998, inahesabu watu, haihesabu ladha. Kila uhakiki unawekwa kwenye fungu moja kati ya mawili, nyanya nyekundu au nyanya ya kijani iliyopasuka. Asilimia ni idadi ya nyekundu. Chukua wahakiki kumi, wote wasema "sita kwa kumi, si mbaya". Wote nyekundu. Muvi inapata 100, na bango linapambwa, ilhali hakuna hata mmoja aliyeipenda sana. Chukua nyingine: watano wanasema tisa, watano wanasema nne. Wastani wake ni 6.5, juu ya ile ya kwanza, lakini asilimia ni 50, na nyanya imepasuka.

Hiyo ya pili ndiyo muvi ambayo ningeipigania dukani! Kuna watu watano wameipenda kwa dhati. Kazi yako ni kujua kama wewe ni wa kundi lao.

Metacritic wao wanachukua wastani, na magazeti hayalingani uzito. Halafu kwa gazeti lisilotoa nyota, kama New York Times, wafanyakazi wa Metacritic wanasoma makala na kukisia namba wenyewe. Fikiria. Mhakiki ameandika aya kumi za ndiyo-lakini, akakataa kwa makusudi kuweka alama, na mtu mwingine anakuja kumwekea 50 au 60. Kwa kazi kubwa au kwa uchafu ukikosea namba kumi haibadilishi kitu. Kwa muvi ya katikati namba kumi ndiyo hukumu nzima.

#6 BintiVoi

Habari zenu. Mimi ni mtu wa Voi, Kenya, nasoma nyuzi tu, sichangiagi, lakini leo nimeguswa. Kuna muvi kwetu kila mtu ana maoni nayo: The Ghost and the Darkness, ya 1996, ya simba wa Tsavo, wale waliokula wafanyakazi wa reli. Babu yangu alikuwa hataki hata kuisikia. Alisema wale simba hawakuwa na manyoya shingoni, na kwenye muvi wana manyoya kama simba wa kwenye noti. Halafu wamepigia picha Afrika Kusini, si Tsavo. Lakini kaka zangu waliiangalia mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Wahakiki walisemaje? Ni ya katikati au mbovu?

#7 MzeeWaMikanda

BintiVoi, karibu sana, na babu yako alikuwa sahihi kuhusu manyoya. Umeniletea mfano ambao nisingeupata mwenyewe, ngoja nikae nao.

Maoni yaligawanyika karibu nusu kwa nusu. Ni ile muvi ya pili niliyomwelezea Mwalimu. Ilipata Oscar ya uhariri wa sauti, na Val Kilmer akateuliwa kwa Razzie, zile tuzo za kuwazomea waliofanya vibaya, kwa muvi hiyo na nyingine aliyoifanya mwaka huo huo. Mkanda mmoja, tuzo ya heshima na mapendekezo ya aibu.

Ebert aliikataa kabisa. Alisema ukiiweka karibu na muvi za Tarzan, hizo za Tarzan zitaonekana ndizo za kweli, na kwamba haina hata ule mvuto wa kuwa mbovu mpaka ukafurahi. Na angalieni jambo hili: wale simba wenyewe wako mji wake! John Henry Patterson, yule mhandisi wa daraja la mto Tsavo, aliwaua Desemba 1898, akakaa na ngozi zao kama mazulia robo karne, kisha 1924 akaziuza kwa makumbusho ya Field, Chicago, kwa dola 5,000. Wamejazwa na kusimamishwa pale mpaka leo, bila manyoya shingoni, kama babu alivyosema. Mtu wa Chicago alikuwa anaweza kutoka kwenye muvi akaenda kuwatazama kwa macho yake.

Nilipokuwa dukani mkanda huu niliuandikia kwenye kaunta buku langu, nilikuwa na safu ya maelezo pembeni ya jina la mteja. Ninalo bado, limeliwa na mende pembeni. Limeandikwa: "Simba wanatisha usiku. Wazungu wanaongea sana. Inaangalika." Wateja walikodi kwa ajili ya usiku ule wa nyasi ndefu, pale husikii kitu isipokuwa majani yanasuguana, kisha mtu mmoja hayupo. Hiyo sauti ndiyo iliyopewa Oscar. Kwa hiyo nusu ya wahakiki waliosema ndiyo walikuwa wanasikiliza, na nusu waliosema hapana walikuwa wanafuata mazungumzo. Wote walikuwa ukumbini, muvi ikawagawa.

Mimi kosa lao kubwa naliona kwingine. Kwa kusoma kwangu, wengi wa wale wa Marekani na Uingereza walibishana kuhusu Kilmer na Michael Douglas, lafudhi na wigi, kuliko wafanyakazi wa reli ambao ndio waliokuwa wanaliwa. Muvi ya katikati ikihusu kwao, mhakiki anaijadili na mahali pake. Ikihusu kwetu, mahali panakuwa pazia la nyuma. Babu yako angekuwa na safu gazetini, angeanza na wale wafanyakazi.

#8 Kijana_wa_Sinza

Nimeanza kuelewa mzee. Sasa nisome vipi? Nikifungua makala ya kizungu ya muvi ya kawaida naona maneno mengi, sijui kama jamaa kaipenda.

#9 MzeeWaMikanda

Tafuta "lakini" iko wapi.

Kweli kabisa. Uhakiki wa muvi ya katikati karibu kila mara una bawaba, na mlango unafungukia upande wa mwisho. "Hadithi imezeeka, lakini wale wawili wakikaa meza moja unasahau." Huyo kaipenda, hata kama nyota ni mbili na nusu. "Wale wawili wanapendeza, lakini hadithi imezeeka." Huyo hajaipenda. Maneno ni yale yale, yamegeuzwa tu. Nilianza kuyapigia mstari kwenye zile karatasi za kafe, na baada ya miezi michache nilikuwa nakisia nyota kabla sijaziona.

Kitu kingine, angalia kama kuna tukio moja limeelezwa kwa macho. Mhakiki akisema muvi ni "ya kasi", "ina moyo", "haina mshikamano", hajakuonyesha kitu, maneno hayo yanaingia kwenye muvi yoyote. Akikwambia kuna dakika moja muigizaji anafunga kishikizo cha shati la baba yake mgonjwa bila kusema neno, hapo kuna mtu alikuwa macho. Muvi ya katikati mara nyingi ina dakika moja au mbili za namna hiyo, na wajibu wa mhakiki ni kuzipata. Siskel alikuwa na swali lake la kupimia: je, muvi hii inavutia kuliko kuwapiga picha waigizaji hao hao wakila chakula cha mchana? Kwa kazi kubwa swali halina maana, jibu liko wazi. Limetengenezwa kwa ajili ya katikati.

Na Ebert mwenyewe alieleza kwamba nyota zake zilikuwa za kulinganisha. Rafiki akikuuliza kama Hellboy ni nzuri, haulizi ukiilinganisha na Mystic River, muvi nzito ya maigizo, anauliza ukiilinganisha na The Punisher, muvi ya katuni kama yenyewe. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini, maana ndivyo nilivyokuwa nafanya kaunta bila kujua. "Inaangalika" yangu kwa fundi gereji aliyetaka ngumi haikuwa ile ile niliyompa dada aliyekuja kuchukua muvi ya mapenzi. Nilikuwa naangalia kwanza mtu, ndipo kava.

#10 Mwalimu_Hesabu

Swali la mwisho kwangu. Mhakiki akigundua alikosea? Gazeti limeshauzwa.

#11 MzeeWaMikanda

Mwalimu, yupo aliyerudi. Mwaka 1967 Joe Morgenstern wa jarida la Newsweek aliikataa Bonnie and Clyde. Akaenda kuiona tena, safari hii kwenye ukumbi uliojaa watu wa kawaida, akakaa katikati yao akawasikia. Wiki iliyofuata akaandika katika jarida lile lile kwamba alikosea. Baadaye alikuwa mhakiki wa Wall Street Journal na 2005 akapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani. Bosley Crowther wa New York Times yeye aliishikilia hukumu yake dhidi ya muvi hiyo hiyo, akaandika tena na tena kuipinga, na haukupita muda mrefu akaacha kiti alichokikalia tangu 1940.

Ile haikuwa muvi ya katikati, najua. Lakini Morgenstern wa mara ya kwanza aliihukumu kama ya katikati, mkanda mwingine wa majambazi na damu nyingi. Hilo ndilo linalonisumbua mimi pia. Kuna mikanda niliiandikia "inaangalika" kwenye kaunta buku saa nne usiku nimechoka, nimeiangalia kwa kupeleka mbele. Wateja wakairudisha bila kuikodi tena, nami nikaipeleka rafu ya chini, karibu na sakafu, ambako mtu hainami.

Nimeanza kuitafuta mmoja mmoja. Wiki hii nimeangalia miwili, bila kupeleka mbele. Mmoja ni ule ule. Wa pili nina mengi ya kusema, nitauandikia hapa kesho jioni nikitoka kazini.

#12 BintiVoi

Nitakuwepo. Na nitamuuliza kaka kama ule mkanda wa simba bado upo, deki ya mzee bado inafanya kazi.